Gauni Lisilopwaya

Kila Jumamosi mchana, mkewe akishatoka kwenda sokoni, Fundi alitandika blanketi kuukuu juu ya meza ya kulia, akachomeka pasi, akavuta kapu la nguo za wiki. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Bibi arusi aliishika pasi kwa nia njema, akaunguza kola ya shati la bwana arusi, na bwana arusi akamwambia, "Mama, wewe pika. Mambo ya pasi niachie mimi." Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita na mapatano yalikuwa palepale. Mkewe hakujua hata waya wa pasi ulikuwa wa rangi gani.

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi tu, kwa sababu ya banda lake la cherehani mbili kwenye barabara ya shule. Mkewe alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo na watoto walimwita Mama Uji, jina lililomwandama mpaka sokoni na mpaka kwenye kadi za mialiko. Watu waliotaka kujua kama Fundi anashona vizuri hawakuangalia kibao cha bandani. Walimwangalia Mama Uji akipita Jumapili, nguo imemkaa sawasawa begani na kiunoni, na Jumatatu wanawake wakaja na vitambaa vyao kwapani.

Jumamosi hiyo Fundi alilifikia gauni la bluu. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, na uso ukamshuka. Akiba ilikuwa imebaki nusu sentimita. Alipolishona gauni hili miaka kumi na tano nyuma aliacha kitambaa cha akiba kipana ndani ya mishono, zaidi ya anavyomwachia mteja yeyote, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikiachia kidogo kidogo, bila mwenye gauni kujua.

Ilianza siku dada mkubwa wa Mama Uji alipokuwa anamwoza binti yake. Kitinda mimba wao alikuwa na miezi mitano. Asubuhi ya harusi zipu ya gauni ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Mama Uji alivuta pumzi, akajaribu tena, kisha akaketi kitandani na machozi yakamtoka.

"Siendi," alisema. "Mwambie dada naumwa."

Fundi alikuwa hawezi kabisa kuyaona machozi ya mwanamke huyu. Akalichukua gauni, akalitazama kwa makini ya daktari, akasema, "Zipu hii mbovu. Yule muuza zipu kanipiga. Nipe dakika kumi."

Zipu haikuwa na kosa lolote. Fundi alikimbia bandani, akafumua mishono ya ubavuni kwa wembe, akaachia kitambaa, akashona upya, akapiga pasi. Mama Uji akalivaa, likafunga. Alicheka peke yake mbele ya kioo. "Nilijua tu sijanenepa," alisema, na huko harusini alicheza mpaka viatu vikapotea chini ya meza za watu. Dada mkubwa alikuja akamshika Fundi mkono, akamwambia, "Shemeji, mdogo wangu umemtunza." Ilikuwa siku nzuri kuliko nyingi walizowahi kuwa nazo, na Fundi aliikumbuka kila mara alipoligusa gauni. Labda ndiyo maana hakuacha. Mwaka Mama Uji alipopandishwa kuwa mpishi mkuu, Fundi aliachia kidogo. Mwaka watoto wakubwa walipohama nyumbani aliachia tena. Nguo zake nyingine nazo zilipitia mkononi mwa mumewe kila Jumamosi, na kila moja ilirudi kabatini ikiwa imemfuata mwenyewe alikofika.

Sasa kitambaa kilikuwa kinaisha. Fundi alilipiga pasi gauni la bluu polepole, akalitundika, akabaki amelitazama.

*

Kilichowapeleka kliniki ni shingo. Kwa miezi kadhaa ngozi ya nyuma ya shingo ya Mama Uji ilikuwa imegeuka nyeusi na nene, na mwalimu mmoja akamwita pembeni ya jiko, kwa sauti ya huruma ambayo wapishi wote waliisikia.

"Mama Uji, usinielewe vibaya. Wewe unashika chakula cha watoto. Hiyo shingo uwe unaisugua."

Aliisugua kwa jiwe la miguu mpaka ikatoka damu, na weusi ukabaki. Ndipo Fundi alipomshika mkono, akafunga banda katikati ya wiki, wakaenda. Alipimwa damu, wakaambiwa warudi, na waliporudi wakaelekezwa chumba cha mwisho kwa dada wa lishe, msichana mwembamba mwenye miwani.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Niambie tu, usinizungushe."

"Shingo yako si uchafu, mama. Naomba hilo ulisikie kwanza." Mama Uji aliinamisha kichwa, na Fundi aliona mabega yake yakishuka kidogo. "Ni dalili. Mwili wako una usugu wa insulini. Ukila wali, mkate, uji, sukari inaingia kwenye damu. Insulini ndiyo inayoifungulia njia iingie mwilini ikatumike. Kwako mwili umeanza kuipuuza, kwa hiyo unalazimika kuitengeneza nyingi zaidi na zaidi. Ikishakuwa nyingi namna hiyo, mafuta yanakaa yasitoke, na njaa inakurudia upesi."

"Hapo umenena. Mimi nikinywa chai na mkate saa moja, saa tatu nimeshaikumbuka sufuria."

"Huko shuleni unakula nini?"

"Sili. Naonja tu."

"Unaonja kiasi gani?"

Fundi alikohoa.

"Kwa mwiko," alisema Mama Uji.

Dada wa lishe aliandika bila kucheka, na Fundi alimheshimu kwa hilo. "Ugonjwa wa sukari wenyewe hujaupata," alisema. "Lakini vipimo vyako vimekaribia. Ukibadili ulaji na ukatembea, vinaweza kurudi nyuma. Nataka tuonane tena baada ya wiki kumi."

"Dada yangu naye aliambiwa wiki," alisema Mama Uji, akajitazama miguu. Dada mkubwa alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa ugonjwa wa sukari, na miaka miwili baadaye wakamzika. Tangu hapo Mama Uji alikuwa akikwepa kila kitu chenye harufu ya hospitali. "Basi nitajinyima. Nitakula mara moja kwa siku."

"Hapana, mama. Ukijinyima utafika jioni na njaa ya siku nzima, sufuria uimalize wewe. Nataka ushibe."

"Nishibe?"

"Ushibe kabisa. Anza na mboga nyingi, na mayai au maharage au samaki. Wali uje mwisho, kama ngumi yako. Chai bila sukari. Ukimaliza kula tembea robo saa."

Mama Uji alimgeukia mumewe. "Daktari wa kuniambia nishibe sijamwona tangu nizaliwe."

Hapo simu ya Fundi ikaita. Alikuwa bwana harusi wa Jumamosi, anauliza suti. Fundi akaomba radhi, akatoka kuongea ukumbini. Kama asingetoka, mengi yaliyofuata yasingetokea, lakini bwana harusi mwenye wasiwasi si mtu wa kukatiwa simu.

Kule ndani mazungumzo yaliendelea. Mama Uji alikuwa amepanda mizani kinyumenyume, uso ukutani, ili asione kilo zake.

"Sawa, kilo usizijue," alisema dada wa lishe. "Lakini lazima uwe na kitu cha kukuonyesha unakokwenda. Una nguo unayoipenda?"

"Ninalo gauni la bluu. Mume wangu alilishona miaka kumi na tano iliyopita na mpaka leo linanikaa vilevile. Ndiyo maana nashangaa mkisema nimenenepa."

Msichana alilitazama jalada lake, akamtazama mama aliyesimama mbele yake, akaona bora asibishane. "Basi gauni hilo litakuwa mizani yako. Kila Jumapili livae, ulibane kiunoni kwa vidole. Siku kitambaa kikianza kukufuata mkononi, ujue mwili unaitikia."

"Gauni halina unafiki," alisema Mama Uji. "Ila mwanangu, mzee wangu asijue. Nataka aje aone mwenyewe."

*

Nyumba ikabadilika. Kopo la sukari lilipanda juu ya kabati, na asubuhi ya kwanza Fundi alikunywa chai yake akikunja uso.

"Wewe hukuambiwa uache," alisema mkewe.

"Nitakunywaje tamu wewe unaniangalia?"

"Kwa hiyo umeamua kunywa na sura hiyo? Bora uweke sukari, uniondolee huo msiba."

Fundi alicheka, akanywa hivyohivyo. Alichokuwa anakiona kwenye kikombe si chai ya siku hiyo. Alikuwa anakiona chumba chao cha kwanza, chenye kiti kimoja na kikombe kimoja kikubwa, wawili wamekaa sakafuni wanachovya mkate wa moto kwenye chai iliyojaa sukari, wanapokezana. Hawakuwa na kitu, na waliishi kama matajiri kwa sababu sukari haikuwakatikia. Aliutamani ule utamu, akajua hautarudi, na akaona haya kulilia sukari mbele ya mwanamke anayepigania miguu yake.

Mama Uji alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe ya kushiba. Kwao walikula ndugu saba sahani moja, na mwenye mkono mwepesi ndiye aliyelala vizuri. Kushiba kulikuwa kuinuka na tumbo gumu, huna pa kuweka hata maji. Kwa hiyo wiki ya pili, alipokula mayai mawili na maharage na mlima wa kabichi kabla ya kwenda kazini, alirudi na habari aliyoitoa kwa kunong'ona kama umbea.

"Fundi. Leo saa sita imefika, sijaikumbuka sufuria."

"Kweli?"

"Nilidhani naumwa. Nikajigusa tumbo, wala halijavimba, limetulia tu. Uji nimeuonja kwa kijiko cha chai. Wapishi wenzangu wananitazama kama nimeokoka."

Jioni walizunguka ukuta wa shule, yeye mbele na Fundi nyuma hatua moja, kama walivyokuwa wakitembea zamani kabla hawajaoana, watu wasije wakasema. Goti lililokuwa likimlazimisha kushuka ngazi kwa ubavu lilianza kumwacha. Walimu walimwambia amepungua. Aliwajibu kwa heshima na hakuwaamini, maana ndio haohao waliomwambia asugue shingo. Alikuwa anasubiri neno la gauni.

Jumapili ya nne Fundi alikuwa nyuma yake wakitoka nje ya geti alipoona kitu kilichomkereketa. Gauni la bluu lilikuwa limekunjamana mgongoni na kiunoni lilikuwa linaelea. Muuza viatu wa jirani akamvuta mkono.

"Shemeji mzima? Naona kama nguo inamvaa yeye."

"Mzima kabisa," alisema Fundi, na uso ukamchoma. Huyu ndiye kibao chake. Tena watu wakimwona mtu wa makamo anapungua huanza kuhesabu maradhi.

Jumamosi iliyofuata aliligeuza gauni ndani nje, akabana milimita saba kila ubavu. Furaha ilimjaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tano wembe na uzi vilikuwa vinakwenda upande wa pili, na alipomaliza alilikung'uta gauni akatabasamu peke yake mezani. Aliona anampa mkewe zawadi: atalivaa, litamkaa vizuri, atapendeza. Wiki ya sita akabana tena. Wiki ya nane tena, na sketi za kazini nazo, na blauzi.

Na kila Jumapili, mlango wa chumbani ukiwa umefungwa, Mama Uji alisimama mbele ya kioo akabana kiuno kwa vidole viwili. Kitambaa hakikuja. Alijaribu upande wa kulia, akajaribu kushoto, akavuta pumzi, akaitoa. Kisha alichukua mkoba wake akatoka na uso wa kawaida, wakaenda walikokuwa wakienda.

*

Jumapili ya kumi Fundi alirudi kutoka kumpelekea mteja suruali, akamkuta mkewe mezani. Mbele yake kulikuwa na sufuria ya wali, nusu ya mkate, na chai ambayo mvuke wake tu ulinukia sukari. Kopo lilikuwa limeshuka kabatini.

"Kumekuwaje, mama?"

"Kumekuwa sawa. Kaa ule."

"Na mboga?"

"Mboga wale mbuzi." Alimega mkate, akauchovya. "Fundi, mimi nimechoka. Wiki kumi. Nimekula majani, nimezunguka ule ukuta mpaka walinzi wananisalimia kwa jina, chai nimeinywa kama dawa. Na sijapungua hata uzi."

"Nani kasema hujapungua? Kila mtu anaona."

"Watu wana maneno ya kufariji. Mimi nina gauni." Akanyoosha kidole kuelekea chumbani. "Yule msichana aliniambia nilifanye mizani. Nilivae kila Jumapili, likipwaya nijue mwili umeitikia. Nilikuficha, nilitaka uje uone mwenyewe ushangae. Basi limenikaa vilevile siku ya kwanza, limenikaa vilevile leo. Halijanidanganya miaka kumi na tano, litanidanganya sasa?"

Fundi alikuwa amesimama na mkono kwenye kiti.

"Mwili wangu ni wa dada," alisema Mama Uji. "Kilichompeleka ndicho kitakachonipeleka. Afadhali niende nimeshiba nilivyozoea. Alhamisi siendi huko kliniki, na usinisemeshe tena habari hizo."

Alitakiwa kusema palepale. Neno lilimfika mdomoni akalimeza, maana kulitamka kulikuwa kuanza na zipu, na kumwambia mke wako kwamba umemdanganya tangu kitinda mimba ananyonya. Alisema, "Ngoja niangalie bandani kama nimefunga," akatoka.

Banda lilikuwa limefungwa. Alilifungua akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Kwenye kona, kati ya vitambaa visivyochukuliwa, kulikuwa na suruali ya kahawia ya kike. Dada mkubwa ndiye aliyeileta, wiki tatu baada ya kukatwa mguu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anacheka kicheko cha kujilazimisha. "Shemeji, nifupishie upande mmoja tu. Upande wa pili bado nautumia." Fundi amekata maelfu ya suruali katika maisha yake. Mkasi haujawahi kumshinda isipokuwa siku ile. Alichora chaki chini ya goti la kushoto, akafuta, akachora tena, na hakuwahi kuikata. Mwenyewe alikufa kabla hajairudia.

Aliipakata suruali hiyo akamwogopa mkewe, na akaogopa zaidi kumpoteza. Hata hivyo siku tatu zilipita. Mama Uji alirudia kuonja kwa mwiko. Akitoka kazini alisinzia kitini, mdomo wazi, kama zamani. Mkewe alikuwa anaangamia kwa sababu ya mshono wake, na yeye anamwambia, "Habari za kazi?"

*

Jumatano alasiri alifunga banda mapema. Alipofika nyumbani alilitoa gauni la bluu kabatini, akaligeuza ndani nje, akalitandika mezani chini ya dirisha ambako mwanga ulikuwa mwingi. Mama Uji aliporudi alimkuta amekaa, kofia mapajani.

"Leo si Jumamosi," alisema.

"Njoo ukae, mama. Kuna kitu nitakuonyesha, na ukimaliza kukiona utasema utakalo."

Akachukua kidole cha mkewe, akakipitisha kwenye kitambaa ubavuni. Pale uzi ulipofumuliwa kulikuwa kumebaki vitundu vya sindano, mistari na mistari, sambamba, kama daftari lililochorwa.

"Hii ni nini?"

"Huu ni mshono wa kwanza, nilivyolishona. Huu ni siku ya harusi ya binti wa dada. Zipu haikuwa mbovu. Huu ni mwaka uliopewa upishi mkuu. Huu, watoto walipohama. Huu, tulipomzika dada, ulipokuwa unaamka kula mkate jikoni peke yako na mimi najifanya sisikii. Huu ni mwaka jana. Jumla sentimita ishirini."

Mama Uji aliihesabu mistari kimyakimya. Midomo yake ilikuwa inatikisika.

"Na hii?" Kidole chake kilikuwa kimefika upande wa ndani, kwenye uzi mpya.

"Hii ni ya mwezi uliopita na mwezi huu. Hapa nilikuwa nabana. Mara tatu. Uliponiambia Jumapili kwamba gauni ndiyo mizani, ndipo nilipojua nimefanya nini. Umepungua, mama. Sentimita nane za kiuno. Mimi ndiye niliyezificha."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja. Mama Uji aliondoa mkono wake juu ya gauni, akauweka mapajani.

"Miaka kumi na tano," alisema.

"Sikutaka ulie."

"Ungeniacha nilie." Sauti ilikuwa ya chini. "Siku ile ya harusi ungeniacha nilie, ningelia nikamaliza, kesho yake ningeanza kujiangalia. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, Fundi. Magoti yalikuwa yangu. Wewe ukanishonea uongo nikauvaa. Nikasimama mbele ya yule mtoto wa watu kliniki najisifu, gauni langu linanikaa vilevile. Amenitazama kama mwehu na mimi sijui kwa nini."

"Nisamehe."

"Ulinificha mwili wangu mwenyewe."

Machozi yalimtoka Fundi, akayaacha yatoke. Mkewe alimtazama. Alimpenda mtu huyu, na kwa wakati huo hakumtaka karibu.

"Chukua wembe," alisema mwishoni. "Fumua. Hizo tatu mpya. Nikiona."

Alizifumua mbele yake, uzi baada ya uzi, akashona tena kwenye mstari wa zamani. Mama Uji alilivaa palepale juu ya blauzi ya kazi, akaivua blauzi kwa ndani, akaingia chumbani kwenye kioo. Fundi alimwona mlangoni. Alibana kiuno kwa vidole viwili, na kitambaa kikaja. Akakishika kwa mkono mzima, ngumi tele ya kitambaa cha bluu, akasimama hivyo bila kukiachia. Kisha akaanza kulia, na safari hii Fundi hakusema neno kuhusu zipu.

*

Alhamisi alikwenda kliniki akiwa ndani ya gauni lilelile, likiwa limepwaya mpaka linakunjamana mgongoni. Fundi alikuwa na sindano mfukoni, mkono unamwasha, akajizuia. Walipopita kwenye banda la muuza viatu, yule bwana aliinuka.

"Fundi, shemeji leo umemshonea gunia?"

Wanawake wawili waliokuwa wakijaribu viatu waligeuka. Mmoja alikuwa amempelekea Fundi kitambaa juzi tu.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nimelishona hivyohivyo."

Kule ndani Mama Uji alipanda mizani akiwa ameiangalia, akasoma mwenyewe kwa sauti. Vipimo vya damu vilikuwa vimeshuka, bado si vya kutamba navyo. Dada wa lishe alifurahi, akasema kazi ndiyo kwanza imeanza, akauliza siku hizi za mwisho zilikwendaje. "Vibaya," alisema Mama Uji. "Tulikuwa na msiba wa gauni. Umekwisha." Hakumtazama mumewe, wala hakumtaja.

Nyumbani hakumnunia. Alimpikia, akamwitikia, jioni wakauzunguka ukuta. Ila Jumamosi mchana Fundi alipotandika blanketi mezani, Mama Uji hakwenda sokoni. Alikuja akachukua pasi kutoka mkononi mwake.

"Nguo zangu napiga mwenyewe kuanzia leo."

"Utajiunguza."

"Nitapona."

Fundi akavuta kiti akakaa pembeni na kikombe chake cha chai isiyo na sukari, ambayo kwa bahati mbaya alikuwa ameanza kuizoea. Miaka ishirini na minane mchana huu ulikuwa wake: meza, blanketi, harufu ya kitambaa cha moto, na nguo za mkewe kupita mkononi mwake moja moja. Iliuma kama kuhamishwa nyumba. Alimtazama akilikandamiza gauni la bluu kwa nguvu za kukandia unga, ulimi nje kidogo, kama yule bibi arusi wa wiki ya kwanza, na moyo ukamlainika.

Mama Uji alisimamisha pasi. "Sema."

"Niseme nini?"

"Kuna kitu unakiona. Sema."

"Kola umeikunja vibaya."

"Na kiuno?"

"Kiuno kinapwaya," alisema Fundi. "Sentimita nane. Labda tisa."

Aliirudia kola, akainyoosha kwa kiganja kwanza, kisha kwa pasi. "Usikiguse," alisema.

"Sikigusi, mama."